Siti binti Saad na Haki ya Kazi ya Mwanamke

Leo twapenda kutaja maisha ya mwanamke aliyeanza kwa udongo wa vyungu. Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuwa tumemchagua mwimbaji. Hukumu ya nyimbo na ala ni mlango wenye khitilafu baina ya wanazuoni, wala hatukusudii kuufungua hapa. Tulitakalo ni haki ya kazi.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, kwa wazazi wasio na mali wala cheo. Na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti naye akajifunza kazi hiyo, akawa akivitembeza vyungu kwa miguu na kuvinadi, na watu wakaitambua sauti yake kabla ya kumjua mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa taarabu. Mahasidi walimcheka kwa ufukara wake na kwa sura yake, lakini hakurudi nyuma.

Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay, na sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya Sultani, yeye aliiimba kwa Kiswahili, ikasikiwa na wanyonge pwani nzima, na ndani yake akazitaja dhuluma walizotendewa wanawake. Sahani ziliuzwa kwa maelfu. Biashara nzima ikaneemeka kwa koo la binti wa mfinyanzi. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu wake.

Je, sisi twafanyaje? Mama akisuka ukili, akidarizi kofia, au akiamka alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza, twasema apitisha wakati tu. Twampunja bei, kisha mume au ndugu hulitwaa pato lake. Na hali Suratun-Nisaa imemthubutishia mwanamke fungu lake katika alichokichuma, kama ilivyomthubutishia mwanamume; na Bibi Khadija alikuwa tajiri wa biashara, ambaye Mtume (s.a.w.) alisafiri na mali yake.

Basi dhuluma hii hatukuitoa katika dini. Anunuaye kofia na alipe thamani ya mkono ulioidarizi, na pato la mke lisiguswe ila kwa ridhaa yake.

Wabillahi tawfiq.