William Booth: Aliyeonya Juu ya Jehanamu na Kuwapikia Supu Wenye Njaa



Katika ukurasa wetu wa maisha ya watumishi waliotutangulia, safari hii tunamleta kwenu William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu. Wengi wetu tunalijua Jeshi hilo kwa sare zake, bendera zake na ngoma zake. Lilifika Kenya mwaka 1921 na Kongo mwaka 1934. Rwanda lilianza kazi baada ya mauaji ya kimbari, likianza kwa kuwasaidia walioathirika. Lakini mtu mwenyewe aliyelianzisha hatumfahamu sana.

Tumemchagua kwa sababu ya swali linalozunguka siku hizi katika vikundi vyetu vya maombi. Je, mtu anaweza kumwonya mwenzake juu ya jehanamu kwa sababu anampenda? Wako wanaosema hapana. Wanasema, sisi tumetoka motoni, tumeona nyumba zetu zikiteketea, na watoto wetu mpaka leo wanashtuka usiku. Mhubiri anayekuja na kipaza sauti kututisha kwa moto mwingine, upendo wake uko wapi? Wengine wanajibu kwamba kumnyamazia mtu anayepotea ndio ukatili wenyewe. Pande zote mbili zina watu waaminifu. Tuangalie basi maisha ya mtu aliyeiamini jehanamu bila kusita, tuone alifanya nini na imani hiyo.

KIJANA WA DUKA LA REHANI

William Booth alizaliwa tarehe 10 Aprili 1829 katika mji wa Nottingham, Uingereza. Baba yake alikuwa na mali kidogo, akafilisika. Mtoto akatolewa shule akiwa na miaka 13, akapelekwa kujifunza kazi katika duka la rehani. Mwaka huo huo wa 1842 baba yake alifariki, na mama akabaki kuhangaika na watoto.

Duka la rehani ni mahali ambapo mtu mwenye shida huacha kitu chake apewe pesa kidogo. Asiporudisha pesa hizo pamoja na riba, kitu kinauzwa. Kila siku kijana William aliwaona akina mama wakileta mashuka, viatu vya watoto, hata pete za ndoa. Sisi tuliowahi kuuza sehemu ya mgao wetu ili tununue dawa, tunaelewa alichokuwa anakiona. Umaskini aliusomea pale mezani, na hakuusahau.

Mwaka 1844, akiwa na miaka 15, aliokoka katika kanisa la Wamethodisti. Muda si mrefu akaanza kuhubiri mitaani na kijana mwenzake. Siku moja aliwakusanya vijana wa mtaa wa maskini kabisa, wenye nguo chakavu, akaingia nao kanisani kwa mlango wa mbele na kuwakalisha kwenye viti vizuri. Wazee wa kanisa hawakufurahi. Alielekezwa kwamba akiwaleta tena, wapite mlango wa nyuma na kukaa kwenye mabenchi ya nyuma, mahali ambapo hawataonekana.

Ndugu msomaji, tusipite hapo haraka. Wazee wale waliamini habari za jehanamu kama William alivyoamini, wala hakuna fundisho walilolikana. Lakini kama kweli unaamini kwamba mtu yuko hatarini, utamwekaje mlango wa nyuma?

MITAA YA LONDON

Mwaka 1849 alihamia London kutafuta kazi. Mwaka 1855 alimwoa Catherine Mumford, mwanamke mwenye akili nyingi na imani kubwa. Catherine naye alikuja kuwa mhubiri hodari, na mwaka 1859 aliandika kijitabu cha kutetea haki ya wanawake kuhubiri. Booth alikuwa mchungaji wa Kimethodisti kwa miaka michache, lakini wakubwa wake walitaka atulie katika usharika mmoja, naye alitaka kuzunguka akihubiri. Mwaka 1861 wakaachana, naye akabaki bila mshahara wa uhakika.

Katikati ya mwaka 1865 alianza kuhubiri katika sehemu ya mashariki ya London, mbele ya kilabu cha pombe, na baadaye ndani ya hema lililosimamishwa kwenye makaburi ya zamani ya Kanisa la Marafiki. Wakati huo yeye na Catherine walikuwa na watoto sita, na wa saba alikuwa njiani. Mashariki mwa London palikuwa na msongamano, ulevi, njaa na magonjwa. Booth aliwaambia watu wa huko waziwazi kwamba kuna hukumu na kwamba kuna jehanamu. Hakupunguza ukali wa neno hilo ili apendwe. Lakini hakulisema na kuondoka. Alilisema, kesho yake akarudi, na keshokutwa akarudi tena.

Kazi hiyo ilikua, na mwaka 1878 ikachukua jina la Jeshi la Wokovu. Kwenye bendera waliandika maneno mawili, Damu na Moto. Wengine hudhani moto huo ni wa jehanamu. Sivyo. Damu ni ya Yesu, na moto ni wa Roho Mtakatifu.

Walipata mateso mengi. Wenye vilabu vya pombe walichukia kupoteza wateja, na makundi ya wahuni yalijipanga kuwashambulia kwa mawe na uchafu. Kwa hesabu ya Jeshi lenyewe, katika mwaka 1882 peke yake watu wake 669 walipigwa, na kati yao 251 walikuwa wanawake. Hata hivyo walirudi kwenye kona zilezile za barabara.

BAHARI NA MWAMBA

Booth alipenda kueleza maono yaliyokuwa moyoni mwake. Aliiona bahari yenye dhoruba, na ndani yake watu wengi wakizama. Katikati kulikuwa na mwamba mkubwa, na baadhi ya watu waliokolewa wakafika juu yake salama. Jambo lililomuumiza ni kwamba wengi wa waliookolewa waliisahau bahari. Walikuwa na shughuli zao, biashara zao, starehe zao, hata ibada zao nzuri, na huku chini wenzao wanazama. Ni wachache tu waliorudi majini kuwavuta wengine.

Hapo ndipo tunapata jibu lake kwa swali letu. Kwa Booth, kuonya juu ya jehanamu ni kazi ya mtu aliyerudi majini. Anayesimama juu ya mwamba akiwaambia walio majini kwamba wanazama hajawasaidia kitu, maana hilo wanalijua. Onyo linakuwa la upendo pale mwenye kuonya anapolowa pamoja nao.

SUPU, MAHALI PA KULALA NA VIBERITI

Kadiri miaka ilivyokwenda, Booth aliona kwamba haifai kumhubiria mtu ambaye tumbo lake halina kitu. Usiku mmoja wa baridi mwaka 1887 alivuka daraja la London akawaona wanaume wamejikunyata, wamelala nje kwenye mawe. Kesho yake asubuhi alimwagiza mwanawe Bramwell, kwa ukali, afanye jambo. Mwaka 1888 likafunguliwa jengo la kulala watu wasio na makazi na kuwapa chakula kwa bei ndogo.

Oktoba 1890 alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu maskini wa Uingereza, kiitwacho In Darkest England and the Way Out. Alikiandaa huku Catherine akiwa kitandani na saratani. Catherine alifariki tarehe 4 mwezi huohuo. Katika kitabu hicho alikadiria kwamba watu milioni 3, sehemu moja ya kumi ya nchi, wamezama katika shida. Alitoa mfano wa farasi wanaovuta magari ya abiria mjini London. Farasi akianguka barabarani, hakuna anayeuliza kwanza kama alianguka kwa uzembe wake. Anainuliwa. Na kila farasi ana mahali pa kulala, chakula na kazi. Booth aliomba binadamu wapate angalau hayo matatu.

Katika vitu alivyoanzisha, kimoja ni kiwanda cha viberiti, kilichofunguliwa London mwaka 1891. Wakati ule viwanda vingi vilitumia fosforasi nyeupe, ambayo ni sumu. Wafanyakazi, wengi wao wanawake na wasichana, waliugua ugonjwa wa kuoza taya. Meno yalitoka, mfupa ukaoza, na wengine wakafa. Kiwanda cha Booth kilitumia fosforasi nyekundu isiyo na madhara hayo. Kwa kila maboksi 144 kiliwalipa wafanyakazi peni 4, ambapo kwingine walilipwa kama peni 2 na nusu. Kiwanda hakikudumu miaka mingi, lakini kilionyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1908 Uingereza ikapitisha sheria ya kupiga marufuku fosforasi nyeupe katika viberiti.

Tazama jambo hili, mpendwa. Mtu aliyehubiri moto wa milele hakuona kwamba mateso ya taya la msichana wa kiwandani ni jambo dogo la kupita. Wako wanaosema, kwa kuwa roho ni ya milele, mwili tuuache. Booth alisema kinyume kwa matendo yake: kama kuungua kwa mtu kesho kunakuumiza, kuoza kwake leo kutakuumiza pia.

UDHAIFU WAKE

Hatuandiki ili tumfanye malaika. Wako waliompinga, akiwemo mwanasayansi Thomas Huxley, aliyeandika magazetini mwaka 1890 kwamba ni hatari kwa mtu mmoja kuwa na amri juu ya watu wengi namna ile. Onyo hilo halikuwa la bure. Booth aliliongoza Jeshi kama jenerali kweli, na hata watoto wake walitakiwa kutii amri. Mwanawe Ballington aliondoka mwaka 1896. Mwaka 1902 wakaondoka binti yake Catherine na mwanawe Herbert. Maumivu hayo katika familia hayakupona vizuri.

Kwa hiyo tunajifunza kwamba mtu anaweza kuwa mwororo kwa mlevi wa barabarani na mgumu kwa mtoto wake wa kumzaa. Upendo unahitaji kupimwa hata nyumbani.

Uzeeni macho yake yaliharibika. Mwaka 1912 alifanyiwa upasuaji wa jicho lililobaki, lakini haukufanikiwa, akawa kipofu kabisa. Alifariki tarehe 20 Agosti 1912. Watu wapatao 150,000 walipita mbele ya jeneza lake. Wakati huo Jeshi lilikuwa likifanya kazi katika nchi 58.

TUNAJIFUNZA NINI?

Turudi kwenye swali letu. Onyo la jehanamu laweza kutoka katika upendo, lakini si kila onyo linatoka huko. Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, anayeonya yuko karibu au mbali? Anayepita na kipaza sauti mara moja, wala hajui jina la mtoto wako, ni tofauti na yule anayekuja kukaa nawe msibani.

Pili, anasema kwa uchungu au kwa furaha? Mtu anayefurahia kueleza jinsi jirani yake atakavyoungua, huyo hajamwona jirani kuwa ni ndugu.

Tatu, onyo linaelekezwa kwa nani? Someni Luka 16 na Mathayo 25. Katika sura hizo Bwana wetu anaonya juu ya moto, na wanaoonywa ni wale waliokuwa na chakula wakampita mwenye njaa, waliokuwa na nguo wakamwacha aliye uchi. Lazaro mlangoni hakutishwa. Alichukuliwa kifuani pa Ibrahimu. Basi sisi tunaohubiri, tujiulize kama hatuwatishi akina Lazaro huku tukimwacha tajiri apite salama. Na hapa makazini tajiri si lazima awe na gari. Anaweza kuwa ni mimi mwenye debe moja la mahindi, na jirani yangu hana kitu.

Yule mama anayesema ametoka motoni, tusimkemee. Tukae naye kwanza. Tumletee kuni. Siku atakayotuuliza kwa nini tunahangaika naye, tutakuwa tumepata nafasi ya kumweleza yote tunayoyaamini, hata yale yaliyo mazito, naye atasikia kwa sikio jingine.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Je, kanisa letu lina mlango wa nyuma? Ni akina nani tunawapitisha huko?
2. Umewahi kuonywa na mtu ukajua kwamba anakupenda? Ulijuaje?
3. Soma Luka 16:19-31. Yule tajiri akiwa matesoni aliwakumbuka ndugu zake watano. Kwa nini hakumkumbuka Lazaro alipokuwa mlangoni pake?
4. Kikundi chenu kitamtembelea nani wiki hii, na mtakwenda na nini mkononi?

Mungu awabariki, na awape amani katika nyumba zenu.