ASKOFU HANNINGTON ALIPITA NJIA YETU

Ndugu wakimbizi wenzangu, pamoja nanyi wafanyakazi wa mashirika mnaotuhudumia,

Kamati imeniomba niandike kwa ufupi maisha ya mtu wa zamani aliyepita sehemu zile ambazo wengi wetu tulizipitia mwanzoni mwa mwaka 2008, tulipovuka Busia na Malaba tukapelekwa Mulanda, wilayani Tororo. Nimemchagua Askofu James Hannington. Sababu yangu ni yale mabishano ya kila Jumapili baada ya ibada: nani ameokoka, nani ni mteule, na jirani aliyekuchomea nyumba ana nafasi gani mbele za Mungu.

Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 huko Hurstpierpoint, kusini mwa Uingereza. Aliacha shule akiwa na miaka 15 akaingizwa katika biashara ya baba yake mjini Brighton, kazi asiyoipenda. Baadaye alisoma Oxford, na mwaka 1874 akawekewa mikono kuwa shemasi.

Hapo ndipo penye jambo. Alikuwa mtumishi wa kanisa, anahubiri na kutembelea wagonjwa, lakini yeye mwenyewe hakuwa na hakika kwamba dhambi zake zimesamehewa. Kanisa lake la Kianglikana lina Ibara 39 za imani. Ibara ya 17 yafundisha kwamba Mungu aliwachagua watu wake katika Kristo kabla ya kuumba ulimwengu. Ibara hiyohiyo yaonya kwamba fundisho hilo ni faraja kwa wacha Mungu, bali ni shimo la hatari kwa mtu wa mwili anayelichungulia kwa udadisi. (Wabishi wetu wa Jumapili waisome.)

Rafiki yake alimpelekea kitabu cha W. P. Mackay kiitwacho Grace and Truth. Hannington aliona makosa kwenye dibaji, akakitupa kando. Akakirudia baadaye kwa ajili ya rafiki tu. Alipofika penye habari ya msamaha, akaelewa kwamba upatanisho ulikwisha kutimizwa msalabani, wala haukungoja yeye ajisikie mtakatifu. Alikuwa amelala kitandani. Akaruka chini kwa furaha.

Mwaka 1882 alikuja Afrika mara ya kwanza, akaugua vibaya kusini mwa Ziwa Victoria, akarudishwa kwao. Juni 1884 akafanywa Askofu wa Afrika ya Mashariki ya Ikweta, na Januari 1885 akafika Mombasa. Alitaka kufika Buganda kwa njia ya Umasaini, kwa kuwa ilikuwa fupi kuliko ile ya kusini. Mwezi Julai aliondoka Rabai na msafara wa watu wapatao 200, pamoja na William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani, ambaye Hannington mwenyewe alikuwa amemweka wakfu mwaka huo.

Walifika Kwa Sundu, yaani Mumias, mwezi Oktoba. Hapo alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na wapagazi wapatao 50 kuelekea magharibi, katika nchi ambayo leo mpaka wa Kenya na Uganda unaikata. Siku hizo mpaka haukuwapo. Hakuna aliyemwuliza karatasi. Hata hivyo aliingia kwa mlango mbaya. Baganda waliamini kwamba atakayetokea upande wa Busoga ndiye atakayeumeza ufalme, na habari za Wajerumani kunyakua nchi pwani zilikuwa zimekwisha kumfikia Kabaka Mwanga. Nadhani kosa la Askofu lilikuwa haraka.

Alikamatwa Busoga, kwa chifu Luba, akafungwa siku nane akiwa na homa, akisoma Zaburi na kuandika shajara yake. Tarehe 29 Oktoba 1885, kwa amri ya Mwanga, aliuawa pamoja na watu wake. Walionusurika ni wachache sana, wakapeleka habari kwa Jones. Yeye akarudi pwani mapema 1886 na bendera iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Kanisa humkumbuka Hannington kila tarehe 29 Oktoba kama shahidi. Na wapagazi? Wapagazi wa nyakati hizo walikuwa mchanganyiko: wapo Wakristo wa misheni, wapo Waislamu, wapo wa dini za mababu. Walikufa kifo kilekile, siku ileile. Ukiniuliza nani kati yao alikuwa mteule, sitakujibu, na simwamini ajibuye upesi.

Mwanga naye aliondolewa madarakani, akakamatwa mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni Shelisheli. Huko alibatizwa, akaitwa Danieli, akafa mwaka 1903. Mifupa ya Hannington ilizikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Ya Mwanga ilirudishwa mwaka 1910, ikazikwa Kasubi, kilima cha jirani. Ya wapagazi ilibaki Busoga.