Zheng He: Mateka Aliyetumwa Kuwa Balozi wa China



Kila Zheng He anapotajwa katika mihadhara yetu huja na sifa mbili. Ya kwanza, alikuwa Mwislamu. Ya pili, merikebu zake zilifika pwani ya Afrika Mashariki miaka themanini hivi kabla ya Wareno, na hazikuteka hata kijiji. Basi wako wanaomfanya mlinganiaji wa dini, na wako wanaomfanya ushahidi kwamba China haijawahi kumwendea mtu kwa ubaya. Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu na maisha yake nimeyafuatilia kwa muda. Sifa zote mbili zina ukweli ndani yake, ila zinaruka mwanzo, na bila mwanzo ule mtu mwenyewe haeleweki.

Alizaliwa mwaka 1371 Kunyang, katika jimbo la Yunnan, kusini magharibi mwa China, mbali kabisa na bahari. Aliitwa Ma He. Ma ni jina la ukoo walilonalo Waislamu wengi wa China, na kwa kawaida huhusishwa na jina la Mtume Muhammad (s.a.w.). Baba yake na babu yake wote waliitwa Haji kwa kuwa walikuwa wamefika Makka, safari ambayo zama zile ilikula miaka ya mtu. Ukoo wao huhesabiwa hadi kwa Sayyid Ajall Shamsuddin Omar, mtu wa Bukhara, ambaye Wamongolia walimfanya gavana wa Yunnan.

Mwaka 1381 jeshi la utawala mpya wa Ming liliingia Yunnan kuwang'oa Wamongolia waliobaki. Baba akafa katika vita hivyo. Mtoto, wa miaka kumi hivi, akatekwa, akahasiwa, akapelekwa kaskazini kumtumikia mwana wa mfalme aliyeitwa Zhu Di, katika mji ambao leo ni Beijing. Sheria yetu imeharamisha kumhasi binadamu. (Hata hivyo tusijifanye wasafi: majumba ya masultani wa Kiislamu nayo yalijaa matowashi, wamehasiwa na wengine kisha wakanunuliwa, kana kwamba dhambi yote inabaki kwa aliyeshika kisu.)

Sisi wa Biharwe tuna marafiki wengi kambini Nakivale, na wamo tunaosali nao safu moja hapa Mbarara ambao walifika kambini wakiwa wadogo, baba hayupo, vita viko nyuma yao. Kwao ukurasa huu wa maisha ya Zheng He hauhitaji maelezo marefu.

Mtoto yule alikua, akawa askari hodari na mtu wa karibu wa bwana wake. Mwaka 1399 Zhu Di aliinua silaha dhidi ya mfalme, ambaye alikuwa mtoto wa kaka yake. Mwaka 1402 aliuteka mji mkuu, Nanjing, akakalia kiti na kutawala kwa jina la Yongle. Ma He alipigana upande wake vita vyote vile. Mwaka 1404 akatunukiwa jina la Zheng, na ndilo tunalomjua nalo.

Hapa ndipo ilipo siasa ya nje ya China ya wakati ule. Yongle alikuwa amempindua mfalme halali, na kila mtu alijua. Mfalme wa namna hiyo huhitaji kuonekana anaheshimiwa, na kwa desturi ya China heshima ilionekana pale mabalozi wa mataifa walipokuja na zawadi na kupiga magoti mbele ya kiti. Aliyekuja alirudi na hariri, vyombo vya kauri, kalenda ya Ming na pengine muhuri wa kumtambua. Mara nyingi alipokea kuliko alivyotoa. Lakini katika vitabu vya China zawadi ya mgeni iliandikwa kuwa kodi ya utii. Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume: misafara ya bara iliyopita katika nchi ya mtemi ndiyo iliyotoa hongo, na hongo wakati huo haikuwa rushwa bali haki ya mwenye nchi. Sidhani Sultani wa Malindi, alipompeleka twiga, alijihesabu kuwa raia wa mtu yeyote.

Safari ya kwanza iliondoka mwaka 1405 ikiwa na watu zaidi ya 27,000 na merikebu kubwa 62, mbali na vyombo vidogo. Vipimo vya merikebu zile wanahistoria wanavibishania mpaka leo, nami sitavitaja. Hesabu ya watu inatosha: Vasco da Gama alikuja na watu chini ya mia mbili. Ziliondoka kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwa kusi, kama majahazi yetu, zikipita Champa, Java, Malacca, Sumatra na Ceylon hadi Calicut, India. Zilifuata safari nyingine sita, na kuanzia ya nne, ya mwaka 1413, zilivuka India hadi Hormuz.

Kwa nini atumwe Mwislamu? Kwa sababu kutoka Sumatra hadi Hormuz, Aden na Mogadishu, biashara ya bandari ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Waislamu. Kabla ya safari ya nne alikwenda Xi'an kutafuta mkalimani, akamchukua imamu mmoja aitwaye Hasan. Ma Huan, aliyetuandikia kitabu cha safari hizo, naye alikuwa Mwislamu. Dini ambayo jeshi la Ming lilikaribia kuizima katika nyumba ya kina Ma ikawa ndiyo ufunguo wa milango ya Ming baharini.

Sasa ile sifa ya amani. Mwaka 1431, akijiandaa kwa safari ya mwisho, Zheng He alisimamisha jiwe la maandishi Changle, katika jimbo la Fujian, lenye kueleza kazi yake. Jiwe lenyewe linajivunia kumkamata Chen Zuyi, haramia Mchina aliyetawala Palembang, ambaye alipelekwa Nanjing akauawa. Linajivunia kumteka mfalme wa Ceylon na kumpeleka China, na kumteka mtu aliyegombea utawala huko Sumatra. Ni kweli hakuacha magavana wala ngome za kuikalia nchi ya mtu. Ukilinganisha na Wareno waliopora na kuchoma Mombasa mwaka 1505, tofauti ni kubwa, na siipunguzi. Lakini balozi anayetia nanga na maelfu ya askari nyuma yake haombi urafiki kama tunavyouomba mimi na wewe.

Afrika iliingia katika habari hii kwa mguu wa twiga. Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea Yongle twiga, na mwaka 1415 akafika mwingine, wa Malindi. Wachina walikuwa na mnyama wa hadithi, qilin, anayesemekana kutokea pale tu anapotawala mfalme mwadilifu. Wakuu wa baraza wakamtangaza twiga kuwa ndiye. Kwa mfalme aliyepora kiti, hakuna zawadi iliyozidi hiyo! Katika safari ya tano, 1417 hadi 1419, Zheng He aliongoza msafara uliowarudisha mabalozi makwao, na merikebu zikafika Mogadishu, Barawa na Malindi. Fei Xin, askari katika misafara hiyo, aliandika juu ya Mogadishu: nyumba za mawe za ghorofa, ardhi kavu, visima virefu.

Kuhusu imani yake, hapa ndugu zangu hugombana. Mwaka 1417 alizuru makaburi ya Waislamu Quanzhou, na mwaka 1430 alishughulikia kukarabatiwa kwa msikiti wa Jingjue, Nanjing. Lakini alikuwa pia na jina la Kibudha, alitoa mali kuchapisha vitabu vya Kibudha, na jiwe la Changle linamshukuru mungu wa kike wa bahari. Jiwe aliloliacha Galle, Ceylon, lina lugha tatu: Kichina kinamtukuza Budha, Kitamil kinamtukuza Vishnu, na Kiajemi kinamtukuza Mwenyezi Mungu. Mimi simfanyi walii, wala siwaungi mkono wanaomtoa katika Uislamu kwa sentensi moja. Aliingizwa jumba la mfalme akiwa mtoto, na kila alichokisimamisha alikisimamisha kwa jina la mwenye jumba. Hesabu ya moyo wake iko kwa Mola wake.

Yongle alifariki mwaka 1424, na mwanawe akasimamisha safari mara moja. Gharama zilikuwa kubwa, na Wamongolia walikuwa bado tishio kaskazini. Zheng He akapewa kusimamia jeshi la Nanjing. Mjukuu wa Yongle alimtuma mara moja zaidi, 1431 hadi 1433. Katika safari hiyo watu saba, Ma Huan akiwa mmoja wao, walitumwa kutoka Calicut kwenda Makka. Jina la Zheng He halimo katika hao saba. Mwana wa Haji na mjukuu wa Haji alifika hadi bahari ya Arabuni, akafariki, kwa kauli inayokubaliwa na wengi, safarini mwaka 1433. Inasemekana alizikwa baharini. Kaburi lake karibu na Nanjing, lililojengwa upya mwaka 1985, lina takbira kwa Kiarabu juu yake, na ndani hamna mwili.

Baadaye watawala walizikataza safari za aina hiyo, na Zheng He akasahauliwa kwa muda mrefu. Leo ameinuliwa tena. Mwaka 2005 China iliadhimisha miaka 600 ya safari ya kwanza, na mwaka 2017, katika mkutano wa Ukanda na Njia, Rais Xi Jinping alimtaja miongoni mwa wasafiri waliokuja kwa urafiki na si kwa upanga. Vita vya Ceylon havikutajwa.

Na upande wetu kumebaki nini? Mwaka 2013 sarafu ya Yongle ilifukuliwa kisiwani Manda, karibu na Lamu, ingawa sarafu huweza kufika kwa mkono wa mfanyabiashara yeyote. Pate wanasimulia juu ya mabaharia Wachina waliovunjikiwa na merikebu, wakasilimu na kuoa hapo. Mimi siyadharau mapokeo ya mdomo. Hapa Biharwe wazee walisimulia kwamba jua lilifunikwa mchana na jeshi la mfalme Olimi wa Bunyoro likakimbia na kuacha ng'ombe wa nyara, na wataalamu wa nyota wakaikuta siku yenyewe, 17 Aprili 1520. Simulizi ya Pate bado haijapata jua lake.

Lipo pia lile jiwe la Changle. Linasema Mogadishu ilitoa punda milia na simba, na Barawa ikatoa ngamia na mbuni. Majina ya miji hiyo miwili niliyasikia kwanza Nakivale, kwa Wasomali waliotoka huko, kabla sijayaona kitabuni. Jiwe linawataja wafalme waliotekwa na haramia aliyeuawa. Wa Mogadishu na Barawa limewaandika wanyama tu. Jina la mtu hata mmoja halimo.