Nansen na Mwendo wa Maji ya Bahari

Fridtjof Nansen alizaliwa mwaka 1861 nchini Norwei, karibu na mji ambao siku hizi unaitwa Oslo. Nchi hiyo iko mbali sana kaskazini mwa dunia. Wakati wa baridi theluji hufunika ardhi. Tangu utotoni Nansen alizoea kusafiri juu ya theluji kwa vibao virefu vya kutelezea. Mwaka 1888, yeye na wenzake watano waliivuka Greenland kwa njia hiyo.

Mwaka 1881, meli moja ya Marekani ilivunjwa na barafu kaskazini mwa Siberia. Miaka mitatu baadaye mabaki yake yalionekana pwani ya Greenland, mbali sana na pale ilipozama. Nansen alijiuliza yamefikaje huko. Aliona kuwa barafu ya bahari ile haitulii, bali inasafiri. Basi akaamua kuingiza meli katika barafu na kuiacha ichukuliwe. Baadhi ya mabingwa wa safari za barafu walisema kufanya hivyo ni kujiua.

Meli hiyo iliitwa Fram, maana yake Mbele. Tumbo lake lilikuwa la mviringo, ili ikibanwa na barafu iinuke juu badala ya kuvunjika. Mwaka 1893 iliondoka na watu 13. Mwezi wa Septemba ikashikwa na barafu. Barafu iliibana kwa nguvu, lakini Fram iliinuka salama.

Nansen na wenzake waliandika upepo unavuma kuelekea wapi na meli inakwenda wapi. Wakaona jambo la ajabu. Barafu haikufuata upepo sawasawa. Ilipinda kuelekea kulia.

Mwaka 1895, Nansen na mwenzake Johansen waliiacha meli ili kuitafuta Ncha ya Kaskazini kwa kusafiri juu ya barafu. Hawakuifikia. Walikaa kipindi kizima cha baridi katika kibanda cha mawe na ngozi, wakila nyama ya dubu. Mwaka 1896 watu wote 13 walirudi kwao wakiwa hai.

Kwa nini barafu ilipinda? Nansen alifahamu kuwa sababu ni dunia kujizungusha. Jaribu hivi. Chukua mfuniko wa sufuria. Mwambie mwenzako auzungushe polepole. Wewe vuta chaki moja kwa moja kutoka katikati hadi ukingoni. Mstari utakaobaki juu ya mfuniko utakuwa umepinda. Vivyo hivyo, maji yanayosafiri mbali juu ya dunia hupinda. Kaskazini mwa ikweta hupinda kulia, na kusini hupinda kushoto.

Kijana wa Uswidi, Ekman, alilipigia jambo hilo hesabu mwaka 1902. Aligundua kuwa maji ya juu huyavuta yale ya chini yake, na kila tabaka hupinda zaidi na kwenda polepole zaidi.

Elimu hii ina faida kwa wavuvi. Wakati wa kusi, upepo hufuata pwani ya Somalia kuelekea kaskazini mashariki. Maji ya juu husukumwa kulia, mbali na pwani. Maji baridi kutoka chini hupanda kujaza nafasi hiyo, yakileta chakula cha samaki.

Baadaye Nansen aliwasaidia wakimbizi na watu wenye njaa. Mwaka 1922 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 1930. Tangu mwaka 1975, meli za utafiti zenye jina lake zimechunguza samaki katika bahari nyingi, pamoja na bahari ya Kenya na Tanzania.

Wengi huona upepo na maji kila siku. Nansen aliona, akaandika, akauliza sababu. Nasi tukifanya hivyo katika kazi zetu tutajifunza mengi.

Maswali

1. Kwa nini Fram haikuvunjwa na barafu?
2. Kusini mwa ikweta maji hupinda upande gani?
3. Kwa nini pwani ya Somalia hupata chakula cha samaki wakati wa kusi?