Oxford Walimkataa, Yeye Hakujikataa

Uko hapo Alupe, umerudishiwa karatasi, na sauti ya ndani inakuita bure kabisa? Tulia, tuvuke mpaka kidogo.

Okot p'Bitek alizaliwa Gulu, Uganda, 1931. Alienda Uingereza na timu ya taifa ya kandanda, akabaki kusoma. Mwaka 1966 Song of Lawino ikachapishwa Nairobi, jina likavuma. Halafu 1970 Oxford wakaikataa tasnifu yake ya udaktari.

Mimi nilipoacha chuo nilijitukana mwaka mzima. Okot? Mwaka 1971 alitoa kitabu kuhusu dini ya Waluo wa Kati. Alifariki 1982, akiwa profesa Makerere.

Ilikataliwa tasnifu, si Okot. Kwako pia ni karatasi tu. Usijimalize.