Dmitri Mendeleev, Mpangaji wa Elementi

Dmitri Mendeleev alizaliwa mwaka 1834 katika mji wa Tobolsk, nchi ya Siberia, penye baridi kali na theluji nyingi. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba yenye watoto wengi. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule, lakini mwaka ule ule akapofuka macho, akaacha kazi. Basi mzigo wote wa nyumba ukamwangukia mama, jina lake Maria. Jamaa zake walikuwa na kiwanda cha kioo kijijini, naye akakisimamia mwenyewe ili awalishe watoto. Kioo hufanywa kwa kuyeyusha mchanga pamoja na chokaa na magadi, au majivu ya miti. Hivyo Dmitri aliona tangu utotoni jinsi moto unavyogeuza vitu vikawa vingine.

Mwaka 1847 baba akafa, na mwaka uliofuata kiwanda kikateketea. Fedha zilikuwa chache, na Maria hakuwa kijana tena, lakini alikuwa ameona akili ya mwanawe, akakusudia kumpatia elimu kwa vyovyote. Mwaka 1849 akamchukua pamoja na dada yake Elizaveta, wakasafiri kwa gari la farasi zaidi ya maili 1,000 mpaka Moscow. Huko chuo kikuu kikamkataa, kwa kuwa alitoka Siberia. Hawakurudi nyuma. Wakaendelea mpaka St Petersburg, na mwaka 1850 akapokewa katika chuo cha ualimu alichosoma baba yake zamani. Mama hakuyaona matunda ya taabu yake, maana alifariki mwaka ule ule. Miaka mingi baadaye mwanawe alimtolea kitabu chake kimoja kiwe ukumbusho.

Dmitri alisoma kwa bidii, akafundisha shule, akaenda Ujerumani kuongeza elimu, na mwaka 1867 akawa profesa wa kemia katika chuo kikuu cha St Petersburg. Alitaka kuwaandikia wanafunzi wake kitabu, na hapo ndipo alipokutana na shida.

Elementi ni kitu kisichoweza kugawanywa kikawa vitu vingine kwa njia za kemia, kama dhahabu, shaba, chuma, au oksijeni iliyomo hewani. Maji si elementi, maana yamefanyika kwa hidrojeni na oksijeni. Kila elementi ina atomu za namna yake, ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Wakati ule elementi zilizojulikana zilikuwa 63, nazo zilikuwa kama watu waliochanganyika mnadani, wala hapana ajuaye nani ni jamaa ya nani. Mwalimu angeanza na ipi, na kumaliza na ipi?

Mendeleev akazipanga kwa uzito wa atomu, kuanzia iliyo nyepesi. Akaona kwamba tabia zake hurudi kwa zamu, akaziweka zenye tabia moja katika ukoo mmoja. Sodiamu, iliyomo katika chumvi na katika magadi ya Ziwa Manyara, ni ndugu wa potasiamu, iliyomo katika majivu ya kuni; zote mbili zikiwa safi ni metali laini za kukatwa kwa kisu, na zikitiwa majini huchachamaa vikali. Fosforasi, iliyomo katika mawe ya Minjingu yanayosagwa kuwa mbolea, ni ya ukoo wa naitrojeni, na mahindi ya Mutuka huzihitaji zote mbili. Jedwali lake la kwanza alilimaliza tarehe 1 Machi 1869.

Wengine pia walikuwa wamejaribu kupanga elementi, na Lothar Meyer wa Ujerumani alikaribia sana. Lakini Mendeleev alithubutu jambo kubwa zaidi. Pale ambapo elementi haikuingia vizuri katika ukoo wake, hakuilazimisha. Aliacha nafasi tupu, akasema iko elementi isiyopatikana bado. Tena mwaka 1871 akaeleza uzito na tabia za tatu kati ya hizo, ambazo hakuna mwanadamu aliyepata kuziona. Kama zisingepatikana, au zingepatikana zikiwa na tabia nyingine, jina lake lingeharibika.

Mwaka 1875 Mfaransa mmoja, Lecoq de Boisbaudran, akavumbua galiamu, akatangaza kwamba ni nzito kuliko maji mara 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa na hata chembe yake, akamwandikia kwamba amekosea, na kwamba yapasa kuwa karibu mara 6. Mfaransa akaisafisha vema zaidi, akaipima tena, akapata 5.9. Mwaka 1879 skandiamu ikapatikana Sweden, na mwaka 1886 jermaniamu huko Ujerumani, zote mbili karibu sana na alivyosema.

Si kwamba aliyajua yote. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alionyesha kwamba namba ya kila elementi hutokana na umeme ulio katika kiini cha atomu, wala si uzito. Leo elementi ni 118.

Mwaka 1890 Mendeleev alipeleka malalamiko ya wanafunzi kwa waziri wa elimu. Barua ikarudishwa bila kushughulikiwa, naye akajiuzulu uprofesa. Baadaye akasimamia ofisi ya mizani na vipimo ya Urusi mpaka alipofariki mwaka 1907. Elementi ya 101, iliyofanyizwa Marekani mwaka 1955, iliitwa mendeleviamu.