Allidina Visram: Tajiri Aliyeufikisha Mzigo wa Pwani Ziwani

Mwisho wa mwezi, mishahara ikishalipwa, mji wa Migori huchangamka kama mji wa bandari siku jahazi linapotia nanga. Akina mama hushuka kwenye matatu wakiwa na vikapu na vikaratasi vilivyoandikwa mahitaji ya nyumbani: unga, sukari, mafuta, sabuni, chumvi, majani ya chai. Huingia supamaketi moja wakatazama bei, wakatoka, wakaingia ya pili, ndipo wakanunua. Wako na wale wanaokwenda hadi Isebania na kuvuka mpaka, wakatafuta unafuu Sirari, upande wa Tanzania. Na sokoni, nafaka bado hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili ambao kwa watu wa huko ni kama pishi na kibaba kwetu sisi watu wa pwani.

Mwenye kuwatazama watu hawa ataona kwamba hesabu yao ni ya zamani. Tangu mzigo wa pwani uanze kwenda bara, mnunuzi wa huko ameuliza swali lile lile: kwa nini kitu cha bei ndogo Mombasa kiwe cha bei kubwa ziwani, na ni nani awezaye kukileta kwa nafuu? Waliolijibu swali hilo kwa vitendo ni wengi, lakini mmoja wao hawezi kurukwa. Jina lake kila mtoto wa Mombasa analijua, maana ni jina la skuli. Maisha yake, hata hivyo, ni wachache wanaoyajua. Naye ni marehemu Allidina Visram.

Allidina alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kachi huko Bara Hindi. Wazazi wake hawakuwa watu wa mali. Walikuwa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, na watu wa Kachi, kama tujuavyo, hawakuwa wageni wa bahari yetu. Vyombo vyao vilikuwa vikija na kaskazi na kurudi na kusi tangu enzi na enzi. Mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka 12 tu, alipanda chombo akaja Unguja, na kutoka hapo akavuka hadi Bagamoyo.

Bagamoyo ya siku hizo ndiyo iliyokuwa mlango wa bara. Misafara ya wapagazi ilikuwa ikitoka hapo na kaniki, marekani, shanga na nyaya za shaba, na kurudi na pembe za ndovu. Huko Allidina alipata kazi kwa tajiri mmoja mkubwa, Sewa Haji Paroo, Ismailia mwenziwe, aliyekuwa akiiandaa misafara hiyo kwa mizigo na wapagazi. Jina la Sewa Haji halijapotea, maana hata leo katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, iko wodi yenye jina lake.

Kwa mkono wa tajiri huyu Allidina alijifunza kazi. Alijifunza kwamba mpagazi mmoja huchukua kiasi cha frasila mbili na hawezi kuzidishiwa sana, kwamba safari ya ziwani ni ya miezi, kwamba mpagazi hula njiani na kula kwake ni gharama, na kwamba gharama hizo zote mwisho wake humwangukia yule anayenunua upande wa chumvi au nguo kule mwisho wa njia. Mwenye kuyafahamu haya amekwisha kufahamu nusu ya biashara. Mzigo hughalishwa na njia.

Baada ya miaka kadhaa Allidina alianza misafara yake mwenyewe, akafungua matawi mrima na bara, hadi Ujiji. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, sehemu kubwa ya biashara ile ya misafara ikawa mikononi mwa yule aliyekuja kwake mtoto.

Wakati ule ule jambo kubwa lilikuwa likitendeka Mombasa. Mwaka 1896 Waingereza walianza kuitandika reli. Mwaka 1899 ilifika Nairobi, na Desemba 1901 ikafika kando ya ziwa, mahali panapoitwa Kisumu hivi leo. Wafanya biashara wengi waliitazama reli ile kwa shaka. Allidina yeye aliifuata. Kila reli ilipofika, naye alifungua duka. Hata kabla haijafika ziwani alikwisha tangulia mbele yake kwa njia ya wapagazi na kufungua duka Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 matawi yake yalikuwa yamezidi 30, kutoka Mombasa hadi Uganda, na baadaye yakaongezeka zaidi na kuingia hadi Kongo.

Hapo, msomaji, tusimame kidogo tutazame duka lile lilivyofanya kazi, kwani supamaketi za leo zimesimama juu ya misingi ile ile.

Kwanza, alinunua kwa wingi. Mwenye duka moja hununua magunia matatu kwa bei anayoambiwa. Mwenye maduka 30 hununua shehena, naye ndiye anayesema bei. Pili, hakumwachia mtu mwingine njia. Ziwani alikuwa na vyombo vyake mwenyewe, na mzigo ulioshuka Kisumu haukukaa kungojea hisani ya mtu. Tatu, gari lake halikurudi tupu. Duka lililouza nguo, majembe, chumvi na sukari ndilo lililonunua ufuta, ngozi, pamba na pembe. Mzigo wa kwenda ukasaidiwa gharama na mzigo wa kurudi. Nne, aliridhika na faida ndogo kwa kila kitu, kwa kuwa vitu vilikuwa vingi. Haba na haba hujaza kibaba, na yeye vibaba vyake vilikuwa vimetapakaa nchi nzima.

Tena alikuwa na viwanda. Alishindika mafuta, akachambua pamba, akatengeneza samani. Pahali ambapo benki zilikuwa bado hazijafika, duka lake lilifanya kazi ya benki, na hata maofisa wa serikali walipitishia fedha zao hapo. Vijana wengi waliokuja kutoka Kachi na Gujarati bila kitu walipewa bidhaa kwa mkopo, wakaenda kufungua viduka vyao mbali na reli, vijijini, na kulipa kidogo kidogo. Wengine walikuja kuwa matajiri kwa haki yao.

Nchi ambayo leo ni Migori na Homa Bay ilipata mzigo wake kwa njia hiyo. Reli haikufika huko. Bidhaa zilishuka Kisumu, zikaingia vyomboni, zikavuka ghuba hadi Homa Bay na hadi Karungu, ambako Waingereza walikuwa na kituo cha utawala kabla hawajahamia Kisii. Serikali ilikuwa imetoza kodi ya nyumba, na kodi ililipwa kwa rupia. Mtu wa nchi ile, aliyekuwa akibadilishana ng'ombe na mtama na jirani yake, sasa alilazimika kuitafuta rupia, na rupia ilikuwa kwa mwenye duka. Akapeleka ufuta na ngozi, akapata fedha. Nusu akaipeleka kwa serikali, na iliyobaki akaiacha pale pale dukani kwa nguo na chumvi.

Hapa ndipo penye sumu na asali. Kwa upande mmoja, jembe la chuma na kipande cha nguo vikawa vitu vya kila mtu. Kwa upande wa pili, yule yule aliyeuza ndiye aliyenunua, na mizani ilikuwa yake. Mkulima hakujua bei ya ufuta Mombasa, wala bei ya nguo huko Bombay. Katika maduka mengi ya siku zile malalamiko yalikuwa hayo hayo: kibaba cha kupokelea ni kikubwa, cha kutolea ni kidogo. Sisi tuliosoma chuoni tunajua kwamba iko sura nzima iliyoteremshwa kwa ajili ya wapunjao, Suratul Mutaffifin, na kwamba tajiri ataulizwa kipimo chake kabla ya kuulizwa sadaka yake. Haitakuwa haki kumbebesha marehemu dhambi za kila mwenye duka, lakini pia haitakuwa haki kuisimulia habari yake kana kwamba upande wa pili wa kaunta hapakuwa na mtu.

Watu wa Nyanza hawakusahau. Sheria za wakoloni zilimzuilia Mwafrika mikopo, na kwa miaka mingi mitaa ya maduka ilikuwa ya wengine. Mwaka 1947 mwalimu mmoja aliyeacha kazi ya skuli, Jaramogi Oginga Odinga, aliongoza kuanzishwa kwa Luo Thrift and Trading Corporation, shirika la kuweka akiba na kufanya biashara, likaanzia Maseno. Watu walinunua hisa kwa fedha walizodunduliza. Shabaha ilikuwa kwamba mnunuzi awe pia mwenye duka, na faida irudi kwa jirani yake. Hilo nalo lilikuwa jibu la swali la bei.

Tumrudie marehemu. Waliomjua walimsifu kwa mambo mawili: uaminifu wa ahadi yake, na mkono wake usiokunjika. Alitoa kwa watu wa dini yake na kwa watu wa dini nyingine pia. Ingawa alikuwa na maduka yasiyohesabika kwa haraka, alikwenda mwenyewe kuyakagua. Katika vita vya 1914 biashara ilikuwa ngumu, njia zilifungwa na meli zilikuwa chache, lakini mzee huyu, umri umekwisha kupita miaka 60, hakuacha kusafiri. Katika safari moja ya Kongo alishikwa na homa, na tarehe 30 Juni 1916 akafariki dunia.

Mwanawe, Abdulrasul, alirithi mali na sifa ya baba yake, lakini hakupewa umri. Alijitolea kujenga skuli Mombasa kwa ukumbusho wa mzazi wake, na skuli ya Allidina Visram ikafunguliwa mwaka 1923. Mwaka huo huo Abdulrasul naye akafariki. Haikupita miaka mingi, maduka yale yaliyoenea kutoka bahari hadi Kongo yakafungwa moja baada ya jingine. Ilichukua miaka mingi kuyajenga, na kuyabomoa ilichukua michache.

Mtu wa leo hawezi kushangaa. Sisi wenyewe tumeyaona. Uchumi iliyoanzishwa mwaka 1975 ili mwananchi apate bidhaa kwa bei ya haki, tumeiona ikipanda na tumeiona ikianguka. Nakumatt, iliyokuwa kubwa kupita zote nchini, matawi yake yalianza kufungwa mwaka 2017. Tuskys ikafuata njia hiyo. Wanunuzi walioizoea nafuu ya maduka hayo waliamka asubuhi wakakuta rafu tupu. Bei nafuu ya tajiri ni neema, lakini ina ajali yake. Ni ya tajiri, na siku akianguka huanguka nayo.

Basi mama wa Migori na kikaratasi chake afanyeje? Afanye kama alivyofanya Allidina, kwa kipimo chake. Unga, sukari na sabuni ni vitu visivyoharibika upesi. Majirani watatu wakichanga wakanunua furushi zima wakagawana, wamepata bei ya jumla bila ya kuwa na duka. Omena na mboga atafute karibu na zinapotoka, ufukweni na shambani, kuliko kuzinunua baada ya kupita mikono minne. Nauli aihesabu pamoja na bei, kwani aliyeokoa shilingi 20 za sukari na kulipa 100 za bodaboda hakuokoa kitu. Pakiti aitazame uzito wake, maana bei hukaa pale pale huku gramu zikipungua, na hicho ndicho kibaba kidogo cha zamani kilichovaa nguo mpya. Na tangazo la bei iliyoshushwa lisimfanye anunue asichokihitaji. Hiyo ni israfu, hata ikiwa kwa nusu bei. Juu ya yote, aandike. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hili aliyekuwa na maduka yote yale alilijua kuliko sisi.

Maduka ya Allidina hayapo tena. Skuli ipo. Mwanzoni ilikuwa ya watoto wa Kihindi. Leo huingia humo watoto wa kila kabila na dini, na miongoni mwao hawakosekani wale ambao wazazi wao walitoka bara, pande za ziwa lile lile ambako marehemu aliupeleka mzigo wake. Huenda wengine wakaja kuwa wafanya biashara. Tunawaombea wawe na macho yake ya kuona njia, na mizani isiyompunja yeyote.